Uzito wa Mkunga Surobala

Saa moja asubuhi rubani Moslehuddin alitua kwenye tuta la barabara nyuma ya ghala la juti, kando ya mto Meghna, akazima injini na kuulizia mizani. Alikuwa ametumwa kwa siri kuwachukua mashahidi wawili wa mauaji yaliyofanywa na wanajeshi gatini na kuwavusha mpaka, wakaseme mbele ya wachunguzi wa kigeni. Ndege yake ndogo ilibeba kilo mia nne, basi.

Mpimaji wa ghala, Tarapada, alimpandisha mkunga Surobala juu ya mizani ya marobota. Alikuwa mwanamke mwembamba kama ufito, na sari yake ilikuwa imelowa kwa kuvuka mto. Tarapada alisoma, akapunguza kilo nne za maji, kama alivyopunguza kwa juti mbichi miaka yote.

"Mia tatu na themanini," alisema.

"Umetoa maji?"

"Nimetoa, Kapteni. Hayo mengine si maji."

"Mimi ni arobaini na nne," Surobala alisema. "Uzito uliobaki ni wa watu mia moja na kumi na wawili. Wote niliwapokea kwa mikono hii wakizaliwa, kilo tatu tatu, na wote niliwaona wakipangwa gatini. Wameniganda, mwanangu."

Shahidi wa pili, Mwalimu Kibria, alipanda kwa zamu yake. Mia moja na sabini. Wanawe wawili waliouawa walikuwa watu wazima.

Moslehuddin aling'oa kiti cha nyuma, akatupa redio, akavua na viatu. Bado haikutosha.

"Peleka mzigo mkubwa," Mwalimu alisema. "Maisha yote namwambia huyu mama ale anenepe. Leo kanishinda."

"Ulikuwa unaniringia tu na kitambi chako," Surobala alijibu, akamfungulia pindo la sari na kumpa bisi za mchele zilizokuwamo.

"Nitakufuata mchana, Mwalimu," rubani alisema.

"Haya."

Ndege iliparuza vilele vya mipopoo. Rubani alipogeuza juu ya mto alimwona Mwalimu amesimama kando ya mizani, anatafuna bisi, na boti ya wanajeshi inafungwa gatini. Kwa uzito ule ndege ilipanda polepole mno, kwa hiyo aliona yote hadi mwisho.

Ng'ambo ya mpaka Surobala alipewa chai na kiti cha chuma. Alitaja majina mia moja na kumi na mawili, na jina la mama wa kila mmoja. Kuanzia jina la tisa alikuwa analia. Karani alisubiri amalize, kisha akaandika: watu wapatao ishirini.

"Mbona ishirini?" Moslehuddin aliuliza.

"Shahidi alikuwa analia," karani alisema. "Ya machozi tunapunguza."

Akaliondoa faili kwa vidole viwili. Surobala aliposhuka, ngazi ya mbao ilivunjika chini yake mahali pawili. Wakamwonyesha ngazi ya saruji, upande wa nyuma.

Kesho yake, kabla ya safari nyingine, fundi wa ndege alimpima rubani kama kawaida. Alikuwa amezidi uzito wake wa kawaida kwa kilo mia moja na sabini.

"Umelowa?" fundi aliuliza.

"Hapana."

Fundi aliandika, akaenda kupunguza mafuta.