Vipele vya Bundala

Bundala, mkulima wa tumbaku wa kijiji cha Ujamaa karibu na Kaliua, alikuwa ameshachomwa sindano za kaswende mara tatu, na vile vipele vyeusi kwenye uume wake bado vilikuwa vimekaa kitako kama wajumbe wa mkutano usioisha. Mara ya nne mganga wa zahanati aliguna, akaandika: kansa, akatwe.

"Nikatwe wapi?"

"Hapo hapo."

Basi alifika hospitali mjini Tabora ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Tabibu aliyempokea, Damas, alikuwa Mzaramo.

"Shusha."

"Sishushi."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakipita kwetu. Wewe vipele sita tu vinakushinda kuvifikisha mezani?"

Mwingine angesema hivyo angekula konde. Lakini Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu misafara ile, na mtani hanuniwi. Bundala akaangua kicheko, mikono ikasahau kazi yake. Suruali ikashuka.

Sasa Damas hakucheka. Alitazama kwa lenzi, akabonyeza.

"Vidogo, bapa, havina kidonda. Nawe hujafika hata thelathini. Kansa haina adabu hivi. Nakutia ganzi, nachukua kipande kama punje ya mtama, kiende Dar kwenye hadubini. Kabla ya jibu hakatwi mtu."

"Jibu likiwa baya?"

"Nitazika mimi. Kazi ya mtani hiyo. Andaa jogoo wa malipo yangu."

Kichupa chenye kile kipande kikapanda treni. Wiki tano Bundala akawa anajichungulia kila asubuhi kama mlinzi wa ghala.

Siku ya jibu alimkuta Damas anajipangusa machozi. Mikono ikarudi kwenye suruali.

"Mtani wangu," Damas akakunjua barua, "mazishi yamevunjika! Ni virusi. Vimevuruga ngozi ya juu tu. Vikiachwa vinaweza kugeuka kansa, ila havijapenya. Tunaondoa vipele, mwenyewe unabaki mzima. Na shemeji aje achunguzwe, virusi hivi huhamia kwa mwenza."

Vipele vikaondolewa siku ile ile. Mwezi uliofuata Bundala alirudi na mkewe, Minza, na jogoo kwapani. Minza akapimwa, akakutwa salama.

"Jogoo wa mazishi?" Damas akauliza.

"Mpokee ukome kunililia machozi ya uongo!"

Bundala akatoka kifua mbele, mikono yote miwili ikipunga hewani, mbali kabisa na suruali.