Uchungu wa Jumamosi

Siku ya kumi na moja baada ya kupasuliwa, Loretta Yurkonis alikuwa jikoni akikanda unga wa pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, uchungu wa kuzaa ukamshika. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mtoto mwenyewe, Clement, alikuwa amelala chumba cha pili, mzima, ameshiba. Loretta aliegemea meza mpaka uchungu ukapita, akaendelea kukanda. Ulipokuja wa pili alimwita mumewe, Dale, naye akatafuta kalamu na kuanza kuandika dakika nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa.

Uchungu huo ulikuwa haki yake. Katika uzazi wa kwanza, mstari wa mashine ya mapigo ya moyo wa mtoto ulizama kidogo, na Dakta Vincent Sabatula akampasua ndani ya robo saa. Bernadette alitoka akilia kwa hasira, hana hata mkwaruzo. Dakta alijua kwamba pengine angeweza kungoja. Lakini karatasi ya mashine ile hutunzwa miaka na miaka, na katika vilima vile vya makaa ya mawe, Pennsylvania, hakuna aliyemkumbuka daktari aliyeshtakiwa kwa kupasua mapema. Mimba ya pili, Loretta aliomba azae mwenyewe. Akaonyeshwa barua ya kampuni ya bima: aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa tena, wiki ya thelathini na tisa, na daktari atakayemwacha asukume asitegemee kulindwa. Basi akapangiwa Jumanne, wa tatu kati ya wanawake wanne wa siku hiyo. Uchungu haukuwa na taarifa ya ratiba hiyo. Ulikuja kwa wakati wake, ukamkuta amekwisha kuzaa.

Jirani, Bi Olga Petrusky, alipita na bakuli la kabichi na tambi.

"Wako umechelewa, bibie," alisema. "Mimi ulinijia siku ya tisa."

Uchungu wake bado ulikuja kila mwezi wa tatu, na binti aliyepasuliwa kwa ajili yake alikuwa ameshaolewa. Mwaka uliopita ulimkuta kwenye bingo, mchezo wa bahati wa namba, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Hakuacha kadi yake, na tena alishinda.

Dale alimpigia simu daktari kama anavyoitwa fundi bomba. Sabatula alifika kabla ya saa sita, akavua saa yake na kunawa. Jumamosi zake zilijaa namna hiyo. Katika mtaa huo tu alikuwa na wanawake watano wa aina hiyo. Hospitalini alikuwa mtu wa haraka, macho kwenye mashine. Hapa aliweka kiganja juu ya tumbo lililokwisha kunywea, akafumba macho, akangoja. Zamani, kabla barua hazijaanza kuja, mikono hiyo ilipokea hata watoto waliotanguliza makalio. Aliikumbuka kazi hiyo mpaka ikamuuma.

"Njia imefunguka yote," alisema. "Haya sukuma, mama."

Loretta alisukuma kwa saa nzima. Hakikutoka kitu. Daktari alimwambia amefanya vizuri sana, akala pierogi sita na kwenda nyumba inayofuata.

Uchungu ulirudi kila mwezi, Jumamosi ya pili, na Dale akawa haandiki tena dakika. Mwaka wa pili Loretta alishika mimba nyingine. Alikwenda kliniki akiwa amepiga moyo konde.

"Dakta, umeniona kwa macho yako," alisema. "Mara ishirini na mbili nimefunguka mpaka mwisho. Kovu limewahi kuleta shida?"

"Hata siku moja."

"Basi niache nizae. Nataka nimsikie akipita. Mmoja tu. Huyu ndiye wa mwisho."

Sabatula alifungua faili la Loretta, akalifunga. Alisema aliyoyaona jikoni hayamo humo, na hawezi kuyatia. Akimwacha asukume na bima ikajua, atamwaga unga, na wanawake wa mji mzima watakuwa wakivuka mlima mwendo wa saa mbili kumtafuta daktari. Alisema pia kwamba anaona aibu. Hilo alilisema akitazama dirisha.

"Nitakuandikia karatasi," Loretta alisema. "Kwamba mimi sikushtaki, iwe iwavyo."

"Wewe hutanishtaki, najua. Mtoto anaweza, akishakuwa mkubwa. Haki yake huwezi kuiachilia kwa sahihi yako."

Loretta alitazama tumbo lake. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba aliye humo ndani anaogopwa. Daktari aliandika tarehe, Jumanne, kwa mwandiko mzuri, na yeye akatia sahihi shingo upande.

Rosalie alizaliwa siku hiyo kwa dakika saba, nyuma ya pazia la buluu. Loretta alihisi kuvutwa-vutwa tu, kama mkoba ambao mtu anatafuta kitu ndani yake. Kisha akaonyeshwa mtoto, amekwisha kufutwa.

Jumamosi ya siku ya kumi na moja taulo zilikuwa tayari. Bi Olga alichemsha kahawa, akambeba Rosalie na kukaa naye sebuleni. Uchungu ulikuwa mkali kuliko wote uliotangulia. Sabatula alipiga magoti sakafuni, mikono miwili wazi, karibu kabisa, akimsemesha kwa sauti ya chini. Loretta alisukuma mpaka fulana yake ikalowa. Halafu akatulia, akavuta pumzi.

"Angekuwa amefika sasa?" aliuliza.

Daktari alitazama viganja vyake.

"Ndiyo," alisema. "Sasa hivi ningekuwa nimemshika."

 Sebuleni Rosalie alianza kulia kwa njaa, na Bi Olga akamleta.