Baraba wa Majengo

Soko la Majengo ukilia mwizi, hakuna anayeuliza kaiba nini. Mawe kwanza, maswali baadaye. Mimi Mwantum, mama Munira, muuza mahindi, nimeyaona mengi hapa, lakini ya siku ile yalinifanya nitamani kuwa kipofu.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Wanafunzi wa shule ya masista, ile ya kulipia kule Nkuhungu, walipita sokoni na Njia ya Msalaba kama kila mwaka. Stanley, kaka mkuu, alikuwa Yesu. Nathanaeli alikuwa Baraba, yule mnyang'anyi anayefunguliwa. Walimpaka masizi uso mzima, wakamvika matambara na mnyororo. Ni mtoto wa pekee wa Paulina, jirani yangu anayeuza uwele.

Pilato aliposema, "Mwachieni Baraba," Nathanaeli akachomoka mbio kuelekea kwenye meza ya mama yake, akamchekeshe. Wenzake, kwa raha zao, wakapaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyooo!"

Wapumbavu wakubwa! Sokoni!

Wapagazi hawakuona igizo. Waliona mtu wa matambara anakimbia na mnyororo. Mmoja akampiga ngwala, mwingine akamshushia jiwe la mizani usoni. Damu ikarukia magunia yangu.

Paulina alikuwa ameinama nyuma ya shehena yake, anachekecha. Wiki ile wezi walikuwa wamemkomba uwele wote wa akiba. Hakuinua hata kichwa.

"Mpigeni!" akapayuka. "Mpigeni asirudi tena!"

Hapo nikasikia sauti kutoka chini: "Mama Munira, ni mimi!" Kila asubuhi sauti hiyo huniambia shikamoo. Nikamrukia, nikamlalia. Rungu likanivunja bega.

"Na huyu mwenzake!" mtu akasema.

Tungekufa wote wawili. Stanley ndiye aliyewahi, kanzu imechanika, taji la miiba limemshukia puani. Aliuinua ule msalaba, akawapiga nao. Namshukuru mpaka leo. Mpagazi mmoja alitema meno mawili, na waliobaki, walipoona nani anawapiga, wakatawanyika.

Ndipo Paulina akafika na mchi mkononi, kuongeza pigo lake. Akaona viatu vya shule, vile alivyovipiga rangi mwenyewe alfajiri. Alipiga yowe ambalo sitaki kulisikia tena.

Hospitali walimtoa mtoto jicho la kushoto. Alipozinduka akapapasa, akaushika mkono wa mama yake.

"Mama, nilisikia sauti yako pale," akasema. "Nikajua nimepona."

Paulina akageuka. Akanitazama mimi.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Mama yako ndiye aliyewazuia."

Nilidanganya, na Mungu akiniuliza nitamjibu hivyo hivyo.