Pembe za Bihogo

Madame Annie, mwalimu wa watoto, alipogawa nafasi za mchezo wa Noeli, Mutoni aliangukiwa na ya ng'ombe. Malaika walikuwa sita, wafalme watatu, wachungaji hata hesabu yao ilipotea, na ng'ombe mmoja tu, wa kuingia kwenye zizi la makatoni na kumpumulia mtoto Yesu. Akarudi nyumbani macho yamemvimba, binti wa miaka minane, akatupa mezani kile alichopewa avae. Kilikuwa kichezeo cha sokoni, utepe wa plastiki wa kichwani wenye vipembe viwili vyekundu vya urefu wa kidole gumba, kimoja kikiwaka taa na kingine kimekufa.

"Papa, minye sitaki kuwa ngombe," alisema. "Bengine beko malaika. Banasema nitakula majani mbele ya batu. Sitaenda."

Ezéchiel, babake, ndiyo kwanza alikuwa ameegesha baiskeli na madumu ya maziwa aliyoyatoa Luberizi. Alikigeuzageuza kile kichezeo mkononi, na moyo ukamuuma kwelikweli. Alizaliwa huko juu, kwenye milima inayoitazama Uvira, akakua nyuma ya mikia ya ng'ombe arobaini. Leo hana hata ndama. Waliswagwa wote asubuhi moja ya vita, na maziwa anayouza mjini ni ya ng'ombe wa watu. Hilo alishalizoea, au alijidai amelizoea. Lakini mwanawe wa kumzaa aone haya kuwa ng'ombe? Hilo halikumezeka.

"Hizi haziko pembe," alisema. "Hizi ni za shetani, na tena shetani maskini. Ngoja."

Aling'oa taa na betri, akaviacha vile vipembe viwe vishina, kisha akachonga pembe ndefu za mti na kuzipachika juu yake. Kazi safi, ungedhani fundi wa samani. Mutoni alipozivaa, kidevu kikamshuka mpaka kifuani na hakikuinuka tena.

"Ngombe yetu haikutembeaka kichwa chini sawa mwizi wa kuku!" Ezéchiel alifoka. Alikuwa anaufokea mti, si mtoto.

Mkewe, Josée, alicheka hadi akashika ukuta. "Weye unatengeneza mutoto ao paa ya nyumba? Enda kwa Gaspard. Vile vitu vyake vya kuelesha nyavu havina kilo."

Gaspard, jirani yao mvuvi, akatoa vielea vinne vya povu vilivyochakaa, akiuliza tangu lini ng'ombe wanavuliwa ziwani. Ezéchiel akavichonga kwa kisu kizuri cha Josée, bila ruhusa. Akapitisha waya katikati, akazungushia vipande vya shuka, akapaka rangi ya maziwa iliyobaki kwenye kopo la mtu, na ncha akazitia masizi ya sufuria. Mwisho akashona kamba pana ya kufungia chini ya kidevu.

Mikono ikikunja waya, mdomo ulikuwa unasimulia. Alimsimulia Mutoni habari za Bihogo, ng'ombe wa bibi yake, mwekundu wa kuiva, mwenye pembe pana kuliko mlango wa zizi. Kila jioni Bihogo alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande, akaingiza pembe ya kushoto, kisha ya kuume, bila haraka yoyote, kama mama mwenye kitenge kipya anayeingia kanisani watu wamekwisha kukaa. Madume yote yalimngoja.

"Alikuwaka mukali?" Mutoni aliuliza.

"Hapana. Alijijuaka tu."

Mtoto akaomba kuzijaribu zile pembe, na usiku ule hapakuwa tena na maneno ya malaika.

Siku ya mchezo ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani. Ezéchiel alikaa benchi la pili, ndani ya koti lake la pekee, akatazama jukwaani, na jasho likamtoka. Zizi la makatoni lilikuwa na mlango. Katika kupima kwake kote alikuwa amempima Bihogo, pima kwa pima, kwa kumbukumbu tu. Mlango hakuupima.

Mutoni akatokea na vazi lake jekundu, akaenda moja kwa moja zizini. Pembe zikagonga makatoni huku na huku, zizi zima likayumba, Yosefu akarukia ukuta kuushika. Kicheko kikaanza nyuma. Malaika mmoja alijiziba mdomo kwa bawa. Pembeni, Madame Annie alikuwa anampungia mikono: zivue, zivue!

Ezéchiel akanyanyuka nusu. Josée akamvuta koti. "Ikala. Muache."

Mutoni hakuzivua. Alirudi nyuma hatua moja, akasimama, akawatazama watu kana kwamba wao ndio waliomzibia njia. Halafu akainamisha kichwa upande, akaingiza pembe ya kushoto, kisha ya kuume, bila haraka yoyote, na huyo ndani. Akasimama mbele ya hori, shingo imenyooka, akampumulia mtoto.

Kule nyuma bibi wawili watatu walioshuka milimani wakapiga vigelegele, wakaita majina ya ng'ombe wao waliopotea, na watu wote wakapiga makofi, hata Gaspard asiyejua mnyama mwingine ila samaki. Wafalme wakaja na dhahabu yao, na hakuna aliyewatazama.

Mzee wa benchi la mbele akageuka. "Ule mutoto ni wa nani?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Ezéchiel, na hakujisumbua kuyafuta.

"Ile ngombe," alisema, kwa sauti iliyofika hadi jukwaani, "iko yangu."