Mama Ameshika Antena

Asubuhi fundi wa mitandao alipanda juu ya bati la zahanati, akaisimamisha nguzo ya bomba, akakaza nati, akafunga antena na kuvizungushia viungio vyake utepe wa mpira ili maji yasipenye. Kisha akaielekeza kwenye hospitali kuu, ng'ambo ya kilima. Mwenzake, juu ya paa la hospitali, alikuwa amefanya vivyo hivyo. Wakapigiana simu, kila mmoja akiizungusha antena yake kwa upana wa ukucha.

"Vipi huko?"

"Kimya, ndugu yangu. Kwako?"

"Kukavu."

Fundi aliijua sababu. Ofisa wa mipango, aliyeitwa Bwana Rula kwa kuwa hakuachana na rula yake, alikuwa amechora mstari mnyoofu kwenye ramani kutoka zahanati hadi hospitali. Ramani ilikuwa bapa. Kilima hakikuwa bapa. Mawimbi ya antena husafiri kama macho yatazamavyo: yakikuta kilima, hukomea hapo. Ulihitajika mlingoti kileleni, na Bwana Rula alikuwa ameahidi kuufikiria.

Ndani ya zahanati alilala mdogo wake fundi, kitindamimba wao, uchungu umemshika tangu jana. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mkunga hakuwa na vifaa vya kupasua. Alitaka daktari amwone mgonjwa kwa picha, aamue la kufanya.

Fundi alichukua antena mbili za akiba, akapanda kilimani. Mama yake alikuwa kileleni, ameketi juu ya jiwe. Alikuwa amefia hapo zamani, akipelekwa hospitali kwa machela, na hakuona sababu ya kuhama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mkeo hapiki, au wewe huli?"

"Nakula, mama. Natafuta mtu wa kunishikia hizi."

Mama alisimama, akazishika: moja kwa mkono wa kulia, ikiitazama zahanati, nyingine kwa mkono wa kushoto, ikiitazama hospitali. Umeme haukuwapo, wala hakuna aliyeuulizia.

"Miaka yote ile umesomea waya, na leo waya wenyewe haupo," alisema.

"Hutachoka?"

"Nilikwisha kuchokea hapa, mwanangu. Teremka, mwenzio anakungoja."

Picha ilitokea. Ilitetemeka kidogo, maana mikono ya mama haikuwa imara tangu uhai wake. Daktari alitazama kwa makini.

"Huyu ni wa upasuaji. Mleteni upesi."

"Kwa gari gani, daktari?" aliuliza mkunga.

"La wagonjwa."

"Liko juu ya mawe. Hata magurudumu halina."

Daktari alisikitika, na masikitiko yake yakafika yote, bila kukatikakatika. "Basi jitahidini. Mleteni."

Walimbeba kwa machela, fundi mbele, shemeji yake nyuma.

"Vumilia, mdogo wangu. Kilele kile pale."

Alivumilia hadi kileleni. Hapo akaacha kuvumilia.

Mama hakulia. Alimkabidhi bintiye antena ya kushoto, na kwa mkono uliobaki mtupu akampokea mjukuu. Fundi na shemeji yake walichimba kaburi karibu na jiwe, wakateremka na machela.

Tangu siku hiyo picha haikutetemeka tena. Bwana Rula alikuja kuikagua, akafurahi sana.

"Hongera, fundi! Kwa mawimbi kama haya, mlingoti wa nini tena?"

Akaufuta mlingoti katika mpango na, kwa kuwa mkono ulikuwa umekwisha kuzoea, akayafuta na magurudumu ya gari. Fundi alipanda kilimani kupeleka blanketi la mtoto, kwa maana kileleni kuna upepo.

Haukupita muda, mkunga akamlaza mjamzito mwingine mbele ya kamera. Daktari alimwona vizuri mno, hata jasho la kwenye nyusi.

"Mleteni," alisema.

Fundi akaenda kuichukua machela. Kule juu, mama na bintiye walikuwa wamekwisha kusogea, wakaacha nafasi.