Kilima cha Siku Ile

Majani ya mkaratusi ya kujifukiza huuzwa kwa fungu, na fungu la Sikuzani lilikuwa na matawi tisa, si manane kama ya wenzake wa soko la Buyenzi. Miaka yote ya vita aliyanunua kwa watu waliothubutu kupanda milimani na wakabahatika kurudi. Mwezi wa saba wa mwaka 2004, bunduki zilipokuwa zimenyamaza upande ule na askari wameanza kuwaruhusu wanawake na wazee kuingia msituni hadi adhuhuri, aliona ni upuuzi kuendelea kununua kitu kinachoota bure. Akatoka alfajiri kwa basi, akashuka Musaga, na Irène akampokea kando ya barabara na panga lake la kuchanjia kuni.

Irène alikuwa Mkongo wa Uvira aliyekimbilia Bujumbura mwaka 1996. Walijuana kwa sababu Sikuzani hakuwa akimwacha mtu wa Uvira apite bila kumuuliza kama amewahi kumwona fundi wa pampu za mazuti za malori, mrefu, anayetembea katikati ya barabara kwa kuogopa mitaro. Fundi huyo alikuwa Djibril, mumewe. Aliondoka nyumbani asubuhi moja ya Machi 1995, siku ambayo watu wa Buyenzi waliulizwa na vijana wenye silaha baba zao ni nani. Baba yake Djibril alikuwa mtu wa Gitega, na jibu hilo halikuwa zuri siku ile. Sikuzani mwenyewe ni Mmanyema, na Wamanyema, watu wa asili ya Kongo, hawakuulizwa kitu. Djibril akasema anakwenda kujibanza kwa rafiki yake Shakuru, mtaa wa Quartier Asiatique, ambako ukuta ni mrefu na lango ni la chuma. Hakurudi.

Shakuru alisema Djibril hakufika kwake. Ila wiki moja baadaye, akasema, yeye mwenyewe alikwenda Uvira kwa shughuli zake akamwona sokoni, mzima, amevaa shati la buluu. Alikula yamini juu ya msahafu mbele ya Sheikh Massoudi. Tangu hapo Sikuzani alikuwa mke wa mtu aliye hai. Hakukaa eda, na hakuna aliyemsomea Djibril hitima, kwa kuwa aliyeonekana sokoni hasomewi hitima. Kwa miaka tisa alikuwa akifunika sahani ya pili kila magharibi, na kila asubuhi akiifunua na kula kiporo chake mwenyewe. Alikuwa amechoka. Hakutaka mume mwingine wala fidia. Alitaka tu kuambiwa neno moja, yupo au hayupo.

Msitu wenyewe ulikuwa na vilima vitatu vifupi, vimekaa kama mafiga yaliyopangwa na mtu mwenye haraka. Juu ya kila kimoja, watu wa misitu wa zamani walikuwa wamefyeka mahali pa kutazamia mji na kuweka benchi la saruji kwa ajili ya wale waliokuwa wakipanda siku za Jumapili. Irène alimweleza njiani, akimwelekeza kama mtu anayeonyesha kisima.

"Ya kwanza unaona mji wa leo. Ya pili unaona wa jana, wenye mbuzi wanapandaka kule kuangalia zilipitia wapi. Ya tatu iko siku moja tu, haibadilike. Ile ya mwezi wa tatu, quatre-vingt-quinze, tisini na tano."

Sikuzani aliuliza kilima kipi kina majani mazuri. Irène akasema cha tatu, kwa sababu watu hawakati huko.

Kwenye kilima cha kwanza waliona mji ukiamka, ziwa likiwa limefunikwa na vumbi la kiangazi, milima ya Kongo haionekani. Walipumzika kidogo, wakaendelea. Kwenye cha pili palikuwa na mzee mmoja amejikunyata benchini, akifuatilia kwa kidole mbuzi wake wa jana. Sikuzani akatazama upande wa Buyenzi, akajiona mwenyewe akiuza sokoni, na akagundua kwamba kitenge chake kilikuwa kimechanika nyuma kutwa nzima bila jirani yeyote kumwambia. Jambo hilo lilimkera mpaka walipoteremka bondeni.

Askari wa kituo cha msituni hawakuwazuia kwenda mbele. Walisema tu kwamba zamu yao inaishia kilima cha pili.

Kilima cha tatu kilikuwa kikavu, majani yakivunjika chini ya ndala, lakini mji uliokuwa chini yake ulikuwa umetoka kunyeshewa. Mabati yalimetameta. Mvua ikikatika Bujumbura, mtu huona mbali, na Sikuzani aliona hadi moshi wa majiko ya Uvira. Ilikuwa saa mbili. Akatafuta msikiti, kutoka msikitini akahesabu njia za Buyenzi, na kwenye njia ya kumi na moja akaiona nyumba yake ikiwa bado na ule mlango wa kijani. Alikuwa amesimama mlangoni yeye mwenyewe, mwembamba, ufagio mkononi. Djibril akatoka na sanduku lake la funguo za ufundi, ili aonekane kama mtu aendaye kazini, wakaagana kwa maneno mawili kama watu watakaoonana mchana. Kisha yule Sikuzani wa chini akaingia ndani kutazama sufuria.

Djibril alipofika kwenye kona aligeuka. Akautazama mlango kwa muda, akainua mkono kidogo, halafu akaendelea na njia. Hilo Sikuzani hakuwa akilijua. Alikaa kwenye benchi akalia, na Irène akawa anakata matawi taratibu.

Kutoka Buyenzi hadi Quartier Asiatique si mwendo wa hata nusu saa, lakini siku ile Djibril alitumia karibu saa mbili. Alijificha nyuma ya gereji, akalala chini ya lori bovu, akangoja kundi moja lipite, kisha jingine. Alipotokea kwenye lami alitembea katikati ya barabara, kama kawaida yake, na Sikuzani akamgombeza kwa sauti, huko juu, apite kando. Saa nne kamili alifika kwenye lango la Shakuru. Akagonga mara moja. Akanyamaza. Akagonga mara mbili.

Ukuta wa Shakuru ulikuwa mrefu kweli. Aliyesimama barabarani hakuona kitu, lakini kutoka kilimani ukuta ni mstari tu, na pande zake zote mbili zilionekana. Upande wa ndani alikuwa amesimama Shakuru, amevaa fulana na msuli, mkono wake ukiwa juu ya komeo. Djibril aliweka kiganja kwenye chuma. Kati ya mikono yao miwili palikuwa na unene wa bati. Akagonga tena, mara moja, kimya, mara mbili, na vijana saba wakajitokeza kwenye pembe ya barabara. Shakuru aliondoa mkono kwenye komeo, akaufuta kwenye msuli, akarudi ndani kwa hatua za kunyatia.

Vijana walimchukua Djibril kuelekea mtoni. Baadaye walirudi wakiwa saba, na mmoja alikuwa amebeba sanduku la funguo.

"Ni yeye?" Irène aliuliza.

"Ni yeye," Sikuzani akasema. Wakafunga majani, wakashuka, maana adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Sheikh Massoudi. Sheikh alikuwa na habari za kilima, na angekipanda zamani kama si magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili tu, juu ya saa na juu ya komeo. Kisha akamweleza kwa upole kwamba yamini iliyoliwa juu ya msahafu haiondolewi na mtazamo wa kilimani. Huondolewa na aliyeila. Shakuru akiifuta, hitima itasomwa Ijumaa hiyo hiyo. Akaongeza kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Kama Djibril alikufa siku ile, basi eda ya Sikuzani ilikwisha mwezi wa nane mwaka huo huo wa 1995, akiwa sokoni anapanga mafungu. Hilo lilimuuma. Kumbe hata siku zake za kulia zilikuwa zimepita bila yeye kuambiwa.

Kwa Shakuru alipafahamu vizuri. Kila Ramadhani watu wale walimpelekea sukari na unga, na kila sikukuu alikwenda kumsaidia Khadidja, mke wa Shakuru, kukaanga sambusa. Alijua pia kwamba lango lao hugongwa kila siku saa nne asubuhi, mara moja, kimya, mara mbili. Khadidja alizoea kuwaambia wageni kuwa ni bati linapanuka kwa jua. Lilipanuka hata siku za mvua, na wageni walizoea. Hakuna aliyewahi kuinuka.

Alifika saa tatu na nusu. Shakuru alikuwa barazani, amenenepa, miwani puani, anakunywa chai ya tangawizi. Alimkaribisha kwa heshima zote, kama siku zote, akamwita shemeji, akaagiza kikombe cha pili. Sikuzani hakukigusa. Alimweleza habari za kilima cha tatu tangu mlango wa kijani mpaka komeo, hakuruka kitu, hata ule msuli na rangi yake. Khadidja aliyekuwa akichambua mchele pembeni aliendelea kuchambua, ila mikono yake ilipungua kasi.

"Sikuje kukushitaki," Sikuzani akamaliza. "Mi nataka utoe ile yamini. Nimulilie mutu yangu, basi."

Shakuru alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sikuzani aliona kwamba anaogopa, na kwamba hofu ile haikuwa ya leo.

"Shemeji, mi nilimuona Uvira," akasema. "Alikuwa na shati ya buluu."

Lango likagongwa. Mara moja. Kimya. Mara mbili.

"Fungua," Sikuzani akamwambia.

Shakuru alitazama ndani ya kikombe chake. Lango likagongwa tena. Sikuzani akainuka mwenyewe, akavuka ua, akavuta komeo lililokuwa limeshika kutu. Nje hapakuwa na mtu. Ilikuwa barabara ya kiangazi, na vumbi lake, na muuza maji akisukuma baiskeli. Kizingitini palikuwa na alama za viatu viwili vilivyolowa, vimeelekea ndani, na alama ya sanduku lililotuliwa chini. Alichuchumaa akazigusa. Zilikuwa baridi. Alikaa hapo mpaka zikakauka, kisha akaaga kwa adabu, na Khadidja akamfuata na kilo ya sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Sikuzani aliipokea, kwa kuwa Khadidja alikuwa analia.

Kesho yake saa nne lango liligongwa kama kawaida. Ilielekea halikuwa likimgojea Sikuzani alifungue, bali Shakuru. Shakuru hakufuta yamini yake, na Ramadhani ilipofika yeye ndiye aliyeongoza dua ya kuwaombea waliopotea wakati wa vita, Mungu awarejeshe salama kwa watu wao. Watu waliitikia amina.

Sikuzani aliacha kufunika sahani ya pili. Kila Jumatatu hupanda na Irène msituni, na mafungu yake yana matawi kumi siku hizi, maana majani ya kilima cha tatu ni mengi na wakataji hawafiki. Saa mbili huwa amekwisha kukaa kwenye benchi. Humwona mumewe akitoka kwenye mlango wa kijani, akitembea hadi kwenye kona, akigeuka na kuinua mkono kidogo, na yeye humwinulia wake. Humtazama akijificha nyuma ya gereji. Akishaingia chini ya lori bovu, ikiwa saa tatu na nusu, Sikuzani hufunga majani yake, humwita Irène, na kushuka.

Hufika mjini saa nne imepita, lango la Shakuru limekwisha kugongwa, na hakuna aliyefungua.