Spika Apewa Umama wa Kambo

Spika alirudi kutoka shule akautupa mkoba kwenye kochi, akapitiliza mpaka jikoni, akafunua sufuria, akaifunika tena kwa kishindo.

"Nimepewa mama wa kambo," alisema.

Fundi alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Huyo si unaye tayari? Wa pili wa nini?"

"Wa kwenye mchezo! Mchezo wa shule, ma'mdogo. Nimeomba kuwa yatima, nikapewa mama wa kambo."

Jina la Spika alipewa na watoto wenzake, kwa sababu alipoita mtu dukani, waliokuwa kituo cha basi waligeuka. Mama yake mzazi alifariki Spika akiwa bado mdogo. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, alikaa mjane kwa muda, kisha akamuoa Fundi. Fundi naye hilo lilikuwa jina la kazini: alikata lenzi na kurekebisha fremu katika duka la miwani karibu na posta, na wateja walimwita hivyo mpaka mumewe akalizoea jina lenyewe akaja nalo nyumbani. Mikono yake haikuishiwa vumbi jeupe la lenzi kwenye kucha. Spika alimwita ma'mdogo, kwa adabu, kama mtu anayemwita karani wa ofisi.

"Na kosa gani limekukosesha uyatima?" Fundi aliuliza.

"Sijui! Mimi ndiye niliyefiwa na mama. Aliyepewa ana mama, ana bibi wawili, na mjomba mwenye duka la baiskeli. Mwalimu anasema eti kulia kila mtu anaweza. Anasema mwovu ndiye anayebeba mchezo, akiwa legelege, adhabu yake haina ladha."

"Basi amekusifu."

"Amenisifu kwa kelele," Spika alisema, akaondoka na kiazi kibichi mkononi bila sababu yoyote.

Jioni hiyo Fundi aliyasoma makaratasi ya mchezo. Ilikuwa hadithi ya zamani ambayo kila mtu ameisikia kwa namna yake. Baba anaoa, anasafiri. Mama wa kambo anamtesa yatima, anamnyima chakula, anamtuma kujaza pipa maji kwa chujio. Mwana wa mfalme anapita, anaona, anapenda. Mwisho yatima anaolewa kwa ngoma na vigelegele, na mama wa kambo anafukuzwa mjini kwa mifagio. Yatima alikuwa na jina zuri. Mwana wa mfalme alikuwa na jina. Hata farasi alikuwa nalo. Mama wa kambo aliandikwa hivyo hivyo, mama wa kambo, tangu ukurasa wa kwanza, na Fundi alifikiri kwamba mtu akishaitwa hivyo ukurasa wa kwanza, hakuna haja ya kufunua wa mwisho.

"Kwa nini anamchukia hivyo?" Spika aliuliza, akichungulia juu ya bega lake.

"Haijaandikwa."

"Nilimuuliza mwalimu. Anasema hadithi za zamani hazina muda wa sababu. Mwema ni mwema, mbaya ni mbaya, kila mmoja anapata chake, msikilizaji anakwenda zake roho imetulia."

"Basi mchukie tu," Fundi alisema. "Sababu utaitafuta ukishazeeka."

Yeye mwenyewe sababu hakuzitafuta mbali. Spika alipokwenda kwa bibi yake wakati wa likizo, nyumba ikabaki na ukimya wa vikombe viwili tu kwenye sinia, Fundi alijisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Alijua si jambo la kusema, na hakuwahi kulisema. Lakini alijua pia kwamba kutoka hapo mpaka kwenye pipa na chujio ni mbali sana, na hadithi ile haikuwa na kituo chochote njiani.

Wakaanza mazoezi. Dereva alikuwa safarini, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kumsaidia mtoto, na Fundi ikabidi awe yatima. Alijifunga kitambaa kichwani, akapiga magoti sakafuni na kitambaa cha kudekia, akaibana sauti mpaka ikawa nyembamba kama uzi.

"Nisamehe, mama, sijala tangu jana."

"Sauti kubwa kidogo, ma'mdogo, watu wa nyuma hawatasikia."

"Yatima mwenye njaa anapata wapi sauti kubwa?"

"Jitahidi."

Spika alishika kiuno kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili. Alikuwa na sauti mbili, ile ya kila siku na nyingine aliyoichimba tumboni, nzito, ya mwanamke mzima aliyechoka na dunia. Hiyo ya pili ndiyo aliyoitumia. "Huna mama wewe! Unakula cha nani humu ndani? Futa! Futa mpaka nione uso wangu!"

Mwanzoni walikuwa wanacheka kila baada ya sentensi. Baadaye wakaacha kucheka, wakawa wanafanya kazi. Fundi alirudi kutoka dukani akiwa na macho mekundu ya kuchungulia skrubu zisizoonekana, akakuta mwiko umeshawekwa tayari mezani, na mtoto anamsubiri. Hawakuwahi kuongea sana kabla ya hapo. Sasa waligombana kuhusu wapi asimame, alie lini, aanguke upande gani, na Fundi akagundua kwamba anafanya haraka kufunga mashine dukani.

Walichosahau ni ukuta. Jirani yao, mama mmoja anayeuza mashuka, alikuwa chumba cha pili, na ukuta ule ulipitisha hata chafya. Alisikia sauti nzito ya mwanamke ikifoka, na sauti nyembamba ikilia ikiomba chakula. Siku ya kwanza alijiziba masikio. Siku zilizofuata hakuyaziba. Mwisho alivumilia mpaka akashindwa, akamtafuta bibi yake Spika, mzaa mama, akamwambia kila kitu, na chumvi akatia ya kutosha.

Bibi alikuwa mkunga mstaafu. Mikono yake ilikuwa imewavuta duniani nusu ya watu wa mtaa wake, na hakuzoea kubisha hodi kwa upole. Alikuja Jumamosi mchana akiwa na begi kubwa, tupu, la kutia nguo za mjukuu wake. Alifika mlangoni, akasikia.

"Unalia nini? Nani atakusikia? Baba yako yuko mbali!"

Bibi hakungoja zaidi. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia na begi mbele kama ngao, akasimama. Mbele yake mke wa mkwewe alikuwa amepiga magoti, kitambaa kichwani, kitambaa mkononi, machozi ya kweli kabisa yanamtoka. Na juu yake alisimama mjukuu wake, mwiko hewani.

"Spika!" Bibi alipiga ukelele. "Unamtesa mwenzio?"

"Shikamoo, Bibi," Spika alisema, mwiko bado uko juu.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini kabisa. Alipofuta macho, akaliona begi. Likamkata kicheko.

"Karibu, mama," alisema, akainuka. "Karibu kiti. Spika, mletee bibi yako maji."

Mtoto alipoondoka, wanawake wawili wakabaki wanatazamana. Bibi aliliweka begi nyuma ya miguu yake.

"Niliambiwa anapigwa," alisema.

"Na ukaja kumchukua."

"Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza, mama. Ninaishi na mtoto huyu miaka yote hii. Umekula hapa, umelala hapa. Umewahi kumkuta na alama?"

"Sijawahi."

"Basi kwa nini uliamini haraka hivyo?"

Bibi alifikiri. Hakuwa mwanamke wa kudanganya, hata pale uwongo ungemfaa. "Kwa sababu nilikuwa naisubiri habari hiyo," alisema. "Tangu siku ya harusi yenu. Tangu niko mdogo kila hadithi niliyosimuliwa ilikuwa na mama wa kambo, na hata moja haikuwa na mzuri. Nilipoambiwa, nilisema, haya, imefika."

"Mimi sikutoka kwenye hadithi. Natoka duka la miwani."

"Najua."

"Siku nyingine ujue kabla hujabeba begi."

Bibi hakusema samahani. Alisema kwamba maji yamechelewa, kisha Spika alipoyaleta akanywa yote, akavua viatu, akasema warudie kuanzia mwanzo, yeye ataangalia. Kabla ya jioni alikuwa amesharekebisha kila kitu. Hasira haiko kooni, alimwambia mjukuu wake, iko mabegani. Tena akalalamika kwamba mifagio ni adhabu ya kitoto. Katika hadithi aliyosimuliwa yeye, mwanamke yule alitumbukizwa kisimani na jiwe likawekwa juu.

"Jiwe la nini tena, Bibi?" Spika aliuliza. "Si ameshazama?"

"Asije akarudi. Watu wa zamani walikuwa hawaachi kazi nusu."

Mchezo ulifanyika mchana, katika ukumbi wa shule, watu wamebanana kwenye madawati. Dereva alikuwa ameegesha lori asubuhi hiyo hiyo, akaja na macho ya usingizi, akakaa kati ya mkewe na mama mkwe. Asubuhi Fundi alikuwa amemchora Spika makunyanzi kwa penseli ya nyusi, kwa mkono uleule unaonyoosha fremu, na hakukosea hata moja.

Spika alipoingia jukwaani ukumbi ulinyamaza. Aliposema "Huna mama wewe," hasira ikiwa mabegani, watoto wa madarasa ya chini walianza kulia, na mzazi mmoja akamtoa wake nje. Watu walimchukia kwa moyo wote. Mtu alipiga kelele, "Ngoja, dawa yako iko jikoni!" Bibi naye alisahau huyo ni nani, akawa anaunga mkono: "Mwambie! Mwambie huyo!"

Fundi alikuwa ametegemea kuona aibu. Badala yake alikaa roho mkononi kama mzazi yeyote, akiyasema maneno kimyakimya, akiogopa mtoto atasahau.

Mambo yakaenda kama yalivyoandikwa. Mwana wa mfalme alipita, akapenda. Baba wa yatima alirudi kutoka safari, mvulana mwenye ndevu za pamba, akamkumbatia binti yake, akaambiwa na yeye atahamia ikulu. Watu wa mji wakaja na mifagio. Ukumbi mzima ukasimama ukishangilia. Spika alitakiwa apige mayowe, akimbie, atoke.

Alikimbia mpaka ukingoni mwa jukwaa. Hapo akasimama. Akageuka, akawapita wenye mifagio, ambao hawakujua wafanye nini, akaenda mpaka mbele ya yule mwenye ndevu za pamba, akamwuliza kwa ile sauti nzito:

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Mvulana alimtazama mwalimu pembeni, akatazama watu, akameza mate.

"Safarini," alisema.

Kina mama ukumbini walilipuka. Walicheka wakapigana mabega, mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati. Bibi alicheka bila sauti, mabega yakimruka. Dereva naye alicheka, kwa sauti kubwa kuliko wengi, kisha kicheko chake kikapungua kidogo kidogo, akabaki anasugua goti.

Harusi ya yatima ilifanyika katikati ya vicheko hivyo, na hakuna aliyeisikia. Yule msichana, mwenye mjomba wa baiskeli, aliolewa huku analia machozi yasiyo ya mchezo.

Baada ya pazia mwalimu wa fasihi alikuja ameshika makaratasi. Hakupandisha sauti. Alimwambia Spika kwamba ameua mwisho. Watu walikuja kuona wema unalipwa, na wameondoka wanamcheka baba.

"Lakini, mwalimu, yeye alipewa nyumba ikulu," Spika alisema. "Kwa kazi gani?"

Mwalimu alisema swali hilo ni la darasani, siyo la jukwaani, na kwamba kuna mtu anastahili kuombwa radhi. Hapo alikuwa na haki, na Spika alijua. Alikwenda nyuma ya pazia kwa yule msichana, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa hana jeuri hata kidogo.

Njiani Dereva alitembea nyuma na mkewe. "Mtoto alikuwa ananisema mimi?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nilikuwa yatima," Fundi alisema. "Huko nyumbani, wiki hizo zote. Pamoja na jirani kutuchongea, na mama kuja na begi. Ulipopiga simu ulituuliza kama gesi imeisha."

 Dereva hakugeuka malaika, na safari zake ziliendelea. Lakini kuanzia hapo alipopiga simu aliuliza mambo mengine kwanza, gesi baadaye, na ikatokea akaomba ratiba ya mikutano ya shule, akaibandika ndani ya lori.

Makunyanzi yalikataa kutoka kwa sabuni. Fundi alimkalisha Spika kwenye kigoda uani, akachukua pamba na mafuta ya nazi, akaanza na paji la uso. Sebuleni Bibi alikuwa anamsimulia mkwewe habari za kisima.

"Ma'mdogo."

"Naam."

"Ulipokuja hapa mara ya kwanza, ulitaka niwepo?"

Fundi alisugua kunyanzi moja mpaka likaisha. "Nilimtaka baba yako," alisema. "Wewe nilikukuta."

"Mimi pia sikukutaka."

"Nilijua. Ulikuwa unanificha chumvi nikipika."

Spika alicheka, na uso ukaharibika nusu mzee nusu mtoto. "Na sasa je?"

"Sasa fumba macho," Fundi alisema, "mafuta yataingia."

Spika akafumba.